Vipanga Hulala kwa Wifi

8 Septemba

Nimefungua daftari jipya kwa sababu la mwaka jana lilijaa malalamiko, na mwaka huu sina nia ya kulalamika. Mwaka huu vipanga watalala kwangu.

Leo nimeosha vigoda vyote na kuvipanga uani, vikitazama mteremko wangu. Kunshan, mume wangu, alikuwa amekaa mlangoni anatafuna tambuu, akaniuliza kama tuna harusi. Nikamwambia natazamia wageni wenye mabawa. Akasema wageni wenye mabawa hawakalii vigoda. Mwanaume huyu aliendesha lori ujana wake wote, na tangu astaafu kazi yake ni kunijibu.

Niandike wazi ili hata uzeeni nikisoma nielewe hasira hii ilitoka wapi. Baba alituachia mlima wenye miteremko miwili. Wa juu, unaopanda hadi ukingoni ambako upepo unatokea, alimpa mdogo wangu Jinfu kwa kuwa ndiye mwana wa kiume. Wa chini, wenye mawe, nilipewa mimi, na nikaambiwa nishukuru. Jinfu alipofia baharini, mteremko wa juu ukabaki kwa mkewe Diep, aliyemwoa kutoka Vietnam. Kwa hiyo nusu nzuri ya mlima wa baba yangu iko mikononi mwa mtu ambaye siku anafika hapa hakujua hata kusema mvua inanyesha.

Wa kwangu niliusafisha. Niling'oa lusina zote kwa jembe na kwa kucha. Ni mti wa kigeni, uliletwa zamani kwa ajili ya kuni na karatasi, na sasa umefunika rasi yote ya Hengchun, ncha hii ya kusini ya kisiwa chetu, na chini yake hakioti kitu cha maana. Nikapanda ya kwetu: mitondoo, mikungu, mikuyu, na misikundazi kando ya kijito. Kiangazi baada ya kiangazi nimebeba maji kwa ndoo mpaka bega moja likashuka kuliko jingine. Sasa mitondoo imepita paa la nyumba.

Huko juu kwa wifi yangu hajang'oa hata mmoja. Ni lusina tupu, na mbuzi wake ndani yake wakijipatia majani. Na kila Oktoba, vipanga wanapopita bonde letu kwenda kusini na kushuka jioni kulala, wanalala kwake. Mimi ndiye mwenye kizibao cha mwongoza wageni. Mimi ndiye niliyesomea mabawa na mikia yao. Wao wanakwenda kulala kwake.

13 Septemba

Mvua. Vigoda vimelowa. Nimevifuta.

20 Septemba

Mama anaishi kwa Diep, kwa kuwa mila ni mila: mama hukaa kwa mwana wa kiume, na mwana akifa hukaa kwa mkwe. Leo nilimpelekea supu ya bata na tangawizi, ile anayoipenda tangu nikiwa mdogo. Nilimkuta ana chupa ya maji ya dagaa waliochachuliwa, ambayo Diep huyatia kwenye kila kitu isipokuwa chai. Mama akaonja supu yangu, akasema nzuri, ila imekosa kitu kidogo. Akaiinua ile chupa na kuinyunyizia. Halafu akaimaliza yote.

Diep aliinama kuficha tabasamu, au labda alikuwa anaokota kijiko. Sikumuuliza.

Nilipokuwa natoka nilichungulia bandani. Mianzi ya Baba bado imelala pale, ile mirefu aliyokuwa akiisimamisha ukingoni zamani kunasia vipanga, kabla ya marufuku. Siku hizo ndege akitua juu ya mwanzi ananaswa mguu, na bonde zima linakula. Siijutii biashara hiyo wala siisifu, ilikuwa njaa. Nilichowaza ni kwamba hata mianzi ya baba yangu iko kwake.

29 Septemba

Sikukuu ya mwezi. Tumechoma nyama uani kwa Diep kwa kuwa Mama hawezi kushuka ngazi za kuja kwangu. Kunshan alimenya balungi akalivaa ganda kichwani kama kofia, akamfanya Mama acheke mpaka akakohoa. Diep alimpigapiga mgongoni kabla sijainuka.

Mwezi ulitoka nyuma ya lusina, na kila mtu akasema ulivyo mzuri. Hata mwezi unaanzia kwake.

3 Oktoba

Bwana Lu wa ofisi ya misitu amekuja kunywa chai. Ni kijana mpole, viatu vyake visafi mno kwa kazi yake. Ana mpango wa kuondoa lusina kwenye miteremko ya bonde letu na kupanda miti ya asili, na anataka wenyeji waukubali katika mkutano. Aliisifu miti yangu moja moja. Alishika gome la mtondoo kama mtu anayeshika mkono wa mzee. Akaniomba niwe msemaji wa bonde, namba yangu ya simu wapewe mafundi wa misumeno, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mfano wa kuonyesha.

Nilipika wali wa pili. Kunshan alisema hajawahi kuona nikipika wali mara mbili kwa siku moja.

9 Oktoba

Wamefika.

Upepo uligeuka asubuhi, na kufikia alasiri anga la kaskazini lilikuwa na vumbi jeusi linalosogea. Magari yakaanza kuingia bondeni, watu wa kamera zenye mitutu mirefu, wazee wenye darubini, familia zenye vifurushi vya chakula. Nilivaa kizibao. Wengi wakakaa kwenye vigoda vyangu. Nikawaeleza jinsi vipanga wanavyozungukia juu kwanza, kisha wanateremka taratibu kama majani ya chai yanayotulia kikombeni, kila mmoja akitafuta tawi. Nilisema mwaka huu tutazame miti ya asili. Nilinyoosha mkono kuelekea mitondoo yangu.

Wakaja. Kundi la kwanza lilizunguka juu yetu chini kabisa, mpaka tuliwaona nyuso zao za kijivu. Mmoja alishusha miguu juu ya mkuyu wangu. Nilishika pumzi. Watu wote pale walishika pumzi kwa ajili yangu, au ndivyo nilivyohisi. Kisha akainua miguu tena kama mtu aliyekosea nyumba, akageuka, akapanda mteremko, na wengine wote wakamfuata. Walishuka kwenye lusina za Diep, makundi kwa makundi, mpaka matawi yakainama.

Watu wa kamera waliondoka kwa adabu mwanzoni, mmoja mmoja, wakiniambia wanakwenda kunyoosha miguu. Baadaye wakakimbia. Nilibaki na vigoda, na Kunshan, na mtoto mmoja aliyesinzia ambaye mama yake alikuja kumchukua baadaye. Kutoka juu nilisikia watu wakishangilia. Diep alikuwa akiwagawia chai ya tangawizi. Nilisikia sauti yake na ile lafudhi yake isiyoisha.

Kunshan alisema, "Wanaona pale pamejificha zaidi na upepo. Si kwamba wanakuchukia."

"Nani amesema wananichukia?"

"Uso wako."

Nina wivu. Nauandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Wivu wangu uko hapa, chini ya mbavu, na una uzito wa ndoo ya maji. Wahenga wanasema hasidi hana sababu. Mimi ninazo sababu: mlima, mama, na sasa ndege.

10 Oktoba

Kwake.

11 Oktoba

Kwake tena. Mtu mmoja wa kamera alishuka mteremko akija moja kwa moja kwangu, nikainuka na kunyoosha kizibao. Alikuwa anaomba choo.

12 Oktoba

Mvua kubwa, ndege wameangukia popote, hakuna aliyeona kitu. Nimekula vizuri.

13 Oktoba

Mkutano ulifanyika kwenye ua wa hekalu la Mungu wa Ardhi. Bwana Lu alionyesha picha za miteremko iliyomezwa na lusina, na za kisiwa kilivyokuwa kabla. Mabishano yalikuwa matamu. Mzee mmoja mchoma mkaa alisema lusina ndiyo iliyompikia wali tangu utotoni, na yeye hatakitukana chungu chake. Mwenye nyumba ya wageni akauliza kama vipanga watakuja kutazama miche. Mwalimu mstaafu akasema ndege hawaulizi mti umezaliwa wapi. Bwana Lu akajibu kwamba ndege hawaulizi, ila chini ya lusina wadudu wamepungua, nyoka wamepungua, na tukingoja zaidi tutakuwa na mti mmoja tu wa kuonyesha wajukuu.

Kisha nikasimama mimi. Nilisema vizuri, na naliandika hilo kwa kuwa hakuna mwingine atakayeliandika. Nilisema nimeng'oa kwa mikono yangu na najua mti ule tabia yake. Unakuja mwembamba na mnyenyekevu, unaomba pembe ya shamba. Ukishapewa pembe, unatwaa shamba, na siku moja unatafuta cha kwenu hukioni.

Watu wakageuza shingo wakamtazama Diep, aliyekuwa ameketi karibu na Mama. Mimi nilikuwa nazungumzia miti. Nadhani nilikuwa nazungumzia miti.

Diep alisimama akiwa amekunja mikono mbele. "Wifi, naomba kuuliza kidogo. Mti ukae hapa muda gani ndiyo uache kuwa mgeni?"

"Mgeni ni mgeni," nikamjibu, "hata akizoea ngazi za nyumba."

Watu walicheka. Diep naye alicheka kidogo, kwa heshima ya wenye kucheka. Kisha akasema, "Basi mimi sina neno. Wifi akisema miti yake imekomaa, ya kwangu na ikatwe. Naomba tu vipanga wapite kwanza."

Maneno hayo yaliniunguza. Kukomaa kwa miti yangu kunahusiana nini na yake? Niliona ananisuta mbele ya watu, kwamba miti imekua na bado hakuna ndege. Nikasimama tena nikasema kwa sauti kwamba miti yangu imekomaa kabisa, asante kwa kuuliza. Bwana Lu akaandika: kuanza Desemba, ndege wakishapita.

Kurudi nyumbani Mama alishika mkono wa Diep, hakushika wangu. Nilibeba mwavuli.

15 Oktoba

Kwake. Wanasema ni jioni nzuri kuliko zote kwa miaka mingi. Nilikuwa nafagia.

17 Oktoba

Msimamizi wa mafundi wa misumeno amenipigia simu. Kazi yao ya bonde jingine imeahirishwa, watu wake wamekaa bure, na kwenye karatasi mimi ndiye msemaji. Anaweza kuanza keshokutwa kwenye mteremko wa juu. Au nataka wangoje Desemba, kama ilivyoandikwa?

Nilikuwa nimesimama dirishani. Ilikuwa jioni, na vipanga walikuwa wanashuka. Kwake.

Nikasema, "Njooni."

Nimejipa hoja. Maganda ya lusina yanakaribia kupasuka, mbegu zikianguka kazi itakuwa mara mbili. Hoja hiyo ni ya kweli. Bwana Lu mwenyewe aliwahi kuisema. Nimeirudia mara ya pili kichwani na bado ni ya kweli, na bado mikono yangu inanuka kitu.

19 Oktoba

Misumeno ya mashine ilianza asubuhi mapema. Nilikuwa naosha vyombo, nikaongeza maji ya bomba ili nisiisikie, haikusaidia.

Diep alikuja akikimbia, ana matope hadi magotini, ndala moja imekatika. Alisimama kwenye mlango wa jikoni bila kuingia, kama anavyofanya siku zote, mpaka aambiwe karibu.

"Wifi, wameanza. Ndege bado wapo. Wapigie, waambie wasubiri kidogo tu."

"Pengine ofisi imebadilisha."

"Wewe ndiye wanayekusikiliza. Piga wewe."

Alinitazama muda mrefu. Nilikausha mikono, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Niliishika simu. Niliitazama. Niliisikia miti ikilala chini, na baada ya kila mti ukimya mfupi, kisha mashine tena. Nikatoka nikamwambia haipokelewi.

"Haipokelewi," alirudia.

"Nitajaribu tena."

Akasema asante, wifi. Akaondoka na ndala yake mkononi.

Kunshan alikuwa sebuleni muda wote. Hakunijibu chochote leo. Hilo ndilo lililonitisha.

20 Oktoba

Wamemaliza kukata. Mteremko wa juu umebaki kichwa kilichonyolewa na kinyozi mlevi. Wameuacha mlusina mmoja mkubwa kando ya zizi la mbuzi, kwa kuwa zizi limefungwa kwenye shina lake.

Nilipanga vigoda. Ndiyo, nilivipanga. Nilivaa kizibao, nikachemsha chai ya tangawizi, birika kubwa. Wageni walikuwa wachache, habari ilikuwa imeenea, ila waliofika walikaa kwangu kwa kuwa huko juu hapakuwa na pa kutazama.

Vipanga walikuja saa zao. Walifika juu ya mteremko wa Diep na kuanza kuzunguka. Walishuka, wakapanda, wakashuka tena, kama watu waliorudi safari wakakuta mlango umejengwa ukuta. Wengine walishuka chini kabisa, wakapita juu ya visiki, na nikaona wazi wakishusha miguu mahali ambapo jana palikuwa na tawi. Nilijisikia nikisema kimoyomoyo, hapa, hapa, njooni hapa. Kundi lote likapita juu ya miti yangu. Walikuwa chini kiasi cha kusikia mabawa. Hawakutua. Waliinuka kwa pamoja, wakavuka ukingo wa magharibi, wakaenda bonde ambalo mwenyewe wake simjui ni nani.

Mtu mmoja mwenye kamera alikunja miguu ya kamera yake akasema, "Kwisha kazi." Hakusema kwa ubaya.

Diep alikuwa ameshuka na Mama, amembeba mgongoni ngazi zote zile. Alimweka kwenye kigoda changu kimojawapo, akamfunika miguu. "Tulidhani leo watalala kwako," akaniambia. "Mama alitaka kuona."

Nilimimina chai. Ilibaki nyingi.

22 Oktoba

Upepo wa mlimani umeanza.

24 Oktoba

Sijaandika kwa kuwa sijakaa chini. Niandike sasa.

Sisi watu wa huku tunaujua upepo wa mlimani. Unaanguka kutoka ukingoni kila mwaka kuanzia sasa hadi masika, unaangusha pikipiki, unawafanya wakulima wa vitunguu wafurahi na wengine wote tutembee tumeinama. Mimi nimezaliwa ndani yake. Nimeishi chini ya mteremko ule maisha yangu yote, na nimejisifu kwa wageni kwamba miti yangu imesimama imara kila msimu. Niliwaambia ni mizizi. Niliwaambia mti wa asili unajua upepo wa kwao.

Jana asubuhi ulishuka bila kitu cha kuuzuia. Ulipita juu ya visiki kama maji juu ya sakafu. Mikungu ilivunjika kwanza, katikati, kwa sauti kavu. Mikuyu michanga ikang'oka mizima, mizizi ikining'inia na udongo niliouleta kwa ndoo. Nilitoka nje na kamba, Kunshan akanishika kiuno nisipeperuke, tukaukumbatia mtondoo mmoja pamoja kama wapumbavu wawili. Ulitikisika mikononi mwetu mpaka mchana.

Kunshan alisema karibu na sikio langu, kwa kuwa vinginevyo nisingesikia, "Lusina ndiyo iliyokuwa ukuta, mke wangu."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilijua tangu mkungu wa kwanza. Mtu wa mjini angekosea hivyo ningemcheka mwaka mzima.

Jioni upepo ulipopunguza nilipanda kwa Mama. Diep alikuwa nje anarudisha mabati ya zizi. Mama alikuwa kitandani, anatazama dari, ananisikiliza nikilia, na hakuniambia ninyamaze.

Halafu akasema, "Jinfu alipokufa, Diep alitaka kuikata ile lusina apande majani ya mifugo ya kuuza. Watu wa malisho walishakuja kupima. Halafu akasema, miti ya wifi bado midogo, upepo utaivunja, nitangoja ikomae. Kila mwaka nilimuuliza. Kila mwaka alisema bado kidogo."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungemruhusu akufanyie jambo?"

Wifi akisema miti yake imekomaa, ya kwangu na ikatwe. Ndivyo alivyosema mkutanoni, mbele ya watu wote, na mimi nikasikia masuto. Alikuwa ananiuliza swali la kweli. Na mimi nikasimama nikajibu kwa sauti.

25 Oktoba

Upepo. Umevunja mingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikichimba kwa simu, kwa neno moja.

26 Oktoba

Asubuhi nilisikia kitu kinaburutwa kwenye mawe. Diep alikuwa anashuka na mianzi ya Baba begani, ile ya kunasia vipanga, iliyokauka kama mfupa, na kamba za mbuzi shingoni.

"Hii haivunjiki," alisema. "Tuifunge kwenye ile iliyobaki. Upepo unarudi jioni."

Tulifanya kazi. Yeye anachimba, mimi nasimamisha mwanzi, yeye anafunga. Ana fundo lake la huko kwao, linakaza lenyewe mti ukivutwa na halikati gome. Nilimwangalia vidole vyake na, Mungu anisamehe, niliona wivu hata wa lile fundo.

Kwenye mtondoo mkubwa sikuweza tena. Nilisema, "Diep, ni mimi niliyewaambia waje mapema."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ile ile asubuhi. Msimamizi alinishukuru, akasema wifi yako ni mtu mwema, hakutuchelewesha." Alivuta kamba. "Ndiyo nikaja kwako. Nilitaka usimamishe mwenyewe."

Nilikumbuka alivyosimama mlangoni na ndala imekatika. Nilikumbuka nilivyofunga mlango wa chumba. Alikuwa ananipa nafasi, na alikuwa anajua kila kitu wakati aliposema asante, wifi.

Nilisema nisamehe. Alikaza fundo, akaanza jingine, mpaka nikadhani upepo ulibeba neno langu.

"Nilikasirika sana," akasema mwishowe. "Bado nimekasirika. Kila siku nakwenda kumwambia Mama, leo simsalimii. Halafu nasikia miti yako inavunjika, siwezi kulala." Akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Shika hapo. Shika vizuri, unalegeza."

Nilishika vizuri.

30 Oktoba

Nimempigia Bwana Lu nikamweleza yote, na kwamba kosa si la mafundi. Akasema kwa upole wake ule kwamba ilikuwa tupande ya asili chini ya lusina kwanza, ikue kivulini, ndipo tupunguze ya juu kidogo kidogo, na kwamba alidhani najua. Nilijua. Nimekuwa nikiwafundisha wengine.

Visiki vya lusina vimeshachipua huko juu, vichipukizi vya kijani kila mahali, havina aibu. Diep anataka mstari wa ukingoni uachwe ukue hadi miti yangu ikomae kweli. Nimekubali. Nimesema mimi ndiye nitakayemwambia itakapokuwa tayari, naye akaniambia safari hii atakuja kuitikisa mwenyewe kwanza.

6 Novemba

Msimu umekwisha, vigoda nimeviweka stoo. Kimebaki kimoja cha kukalia ninapomenya mboga.

Jioni hii, upepo umetulia, nikaona kipanga mmoja aliyechelewa. Alikuja peke yake kutoka kaskazini, amechoka, anapiga mabawa kuliko kawaida yao. Akazunguka juu ya miti yangu iliyofungwa mianzi. Niliacha kisu. Alizunguka mara ya pili, akaitazama ile mianzi ya Baba, labda damu yao inaikumbuka. Akapanda juu polepole, akaenda kutua kwenye ule mlusina mmoja kando ya zizi la mbuzi.

Kwake tena.

Wivu uliniuma palepale unaponiuma siku zote. Nilikaa nao kidogo. Kisha nikabeba kigoda changu, nikapanda ngazi, na Diep aliponiona nikifika aliweka kidole mdomoni, akasogea, akaniachia nafasi karibu na Mama.